Mkono wa Mwalimu Osewe

Keki ya sherehe yangu ya kustaafu ilibaki nusu, na wauguzi wadogo wa kitengo chetu wakaona wailete nyumbani kwangu Suna pamoja na ombi. "Sista Boke, tuandikie." Niwaandikie nini? "Yale hatukufundishwa chuoni." Nikacheka. Yale hamkufundishwa chuoni ni mengi jamani, na mengine nimeyasahau kwa makusudi. Lakini siku hizi naamka alfajiri kama mtu aliye na zamu, nachemsha chai, halafu nakumbuka hakuna anayeningoja. Basi naandika. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Anayeyataka amuulize mume wangu, yeye ndiye anayeyakumbuka yote, hata makato.

Mimi ni Mkuria, mzaliwa wa karibu na mpaka wa Tanzania, ambako Kiswahili tunakitumia sokoni, shuleni, na hata tukigombana. Nilipohamishiwa upande wa Homa Bay, Dholuo yangu, lugha ya Wajaluo wa huko, ilikuwa ya kununulia samaki tu. Wagonjwa wakanipa jina siku hiyo hiyo: Nyar Kuria, binti wa Ukuria. Mwanzoni nilidhani wananitania. Kumbe huko kila mwanamke aliyetoka kwingine huitwa kwa alikotoka, na ukishaitwa hivyo maana yake wamekupokea. Jina hilo nimelibeba mpaka nikazoea kuligeukia haraka kuliko Boke.

Kitengo nilichopelekwa ni kile cha wagonjwa ambao hawatapona. Vitabuni kinaitwa tiba shufaa. Majirani walituita "wale sista wa kansa," na kuna nyumba tulifungiwa mlango kabisa, watu wakidhani tumebeba kifo kwenye mkoba. Kazi yetu ilikuwa kumfuata mgonjwa nyumbani, kumpunguzia maumivu, na kumfundisha aliye karibu naye namna ya kumtunza. Basi. Ukitaka makofi, tafuta wodi ya uzazi.

Aliyenipokea alikuwa Sista Dorka, mama mnene, Msabato wa kweli asiyeonja chai wala kahawa. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwa nyanya mmoja karibu na Mbita, aliyekuwa na kansa ya titi. Mimi na kiherehere changu cha chuoni, nilifungua mkoba kabla sijamaliza salamu, nikatoa mashine ya presha. Dorka akaniambia mbele ya watu, "Funga huo mkoba. Keti." Nikaketi. Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa na cheti kipya na sare niliyoipiga pasi mara mbili.

Dorka aliuliza habari za kuku, habari za mvua, habari za mtoto aliyeenda Kisumu. Ndipo akauliza, "Mama, kati ya hayo yote, ni nini kinakusumbua zaidi?" Mimi moyoni nishajibu: maumivu. Nyanya akasema, "Harufu. Wajukuu hawaingii tena humu." Dorka akachukua vidonge vya metronidazole, akavisaga kwa mgongo wa kijiko, akaosha kidonda polepole na kuunyunyiza ule unga. Tuliporudi juma lililofuata, tulikuta watoto wamejaa kitandani wanapigania blanketi. Hakuna kipimo cha presha ambacho kingeniambia hilo.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: mofini ya maji ndani ya chupa, bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia, glavu, taulo, mafuta ya kupaka kisigino. Na tafadhali, nyinyi mnaoingia sasa, ukiandika mofini andika na dawa ya kulainisha choo hapo hapo. Nimeona madaktari wa kusifiwa wakisahau, halafu mzee wa watu analia chooni, siyo kwa kansa, kwa sababu yetu.

Kifaa kingine hakikuwa kwenye mkoba. Dorka alikiita mkono. Mgonjwa wa namna yetu, siku za mwisho sauti humwisha. Kwa hiyo unamfundisha mapema, akiwa bado anaongea: utashikwa mkono, utaulizwa kama unaumwa, ukiwa unaumwa, finya. Ukiwa huumwi, uache tu ulegee. Unafanya naye mazoezi kila ukija, mpaka iwe akishikwa tu mkono, vidole vinajua la kufanya. Mimi nikapendekeza tuongeze: kufinya mara mbili maana yake maji, mara tatu maana yake nigeuze. Dorka akakataa. "Swali moja tu. Ukiongeza, hawa watu watamuuliza mpaka nani atachukua ng'ombe."

La mwisho alilonifundisha lilihusu maombi, na kwa jinsi alivyokuwa mtu wa kanisa, lilinishangaza. "Mgonjwa akitaka muombe, omba naye kwa dini yake. Asipotaka, nyamaza. Sisi hatujaja hapa kulivulia kanisa samaki."

Sasa nifike kisiwa cha Rusinga, kwa Mwalimu Osewe, kwa sababu nikiandika mengine yote nikamwacha yeye nitakuwa sijawaandikia kitu.

Alikuwa amefundisha sayansi shule ya sekondari maisha yake yote ya kazi. Kansa ya tezi dume ilikuwa imeshaingia mifupani. Siku ya kwanza naenda kwake, mama mmoja aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, kando ya njia alinisimamisha. "Unaenda kwa yule hana Mungu? Chunga usinywe kitu kwake. Wanasema ni ile dini ya joka, ya kuabudu shetani." Nikamwambia asante. Niliingia nikiwa nimeshika mkoba kwa nguvu kidogo, nakubali.

Sikuona joka. Niliona mzee mrefu amekaa kwenye kiti cha kamba, redio ndogo mapajani, na mke wake anamkatia kucha. Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ni wa dhehebu gani?"

"Mkatoliki, Mwalimu."

"Sawa. Mimi sina. Utanihudumia?"

"Mwalimu, mimi nimeitwa na mifupa yako. Hayo mengine mifupa haikunitajia."

Alicheka mpaka akaumia, na hapo ndipo nikajua dozi yake ni ndogo mno.

Mwalimu alimwita mke wake Nyar Kosele, maana alizaliwa Kosele. Alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisani, mwenye sauti ya kuanzisha nyimbo. Wote Rusinga walijua habari yao: kila Jumapili Mwalimu alimsindikiza mpaka kwenye lango la kanisa akiwa amembebea mwavuli, halafu yeye akakaa nje na gazeti lake mpaka ibada iishe, wakarudi pamoja. Mvua, jua, miaka yote ile. Watu walimhurumia mama kwa kuolewa na mtu wa aina hiyo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuniambia kama alijihurumia.

Siku moja namsugua visigino, nikashindwa kujizuia. "Mwalimu, kwani nyinyi mnaamini nini?"

"Neno lenyewe la Kizungu ni hiumanisti," akasema. "Ukilitamka hapa wanadhani ni dhehebu jipya. Jirani yangu aliniuliza, mnakutana Jumamosi ama Jumapili?" Akatulia maumivu yapite. "Mimi ningeliita utu tu. Naamini haya maisha ndiyo niliyopewa, sina ushahidi wa mengine. Kisima kikikauka, hakuna mwingine anakuja kukichimba, ni sisi. Mtu akiniambia jambo, namuuliza umejuaje. Na binadamu, hata awe nani, asitumiwe kama jembe. Hayo tu. Si mengi."

"Na bila kumwogopa Mungu, ni nini kinakuzuia kumwibia jirani?"

"Jirani mwenyewe," akasema. "Si ninamjua? Si najua watoto wake watalala njaa?"

Niliendelea kusugua. Nilikuwa nimelileta swali hilo kama mtego, haki ya nani, na mtu akalijibu kama nimemuuliza saa. Nikajaribu lingine. "Na ukikosea? Ukifika huko ukute yuko?"

"Nitamwambia nilitafuta, sikuona. Kama ni mwema nilivyosikia, atanielewa. Wewe Nyar Kuria, ungekuwa ni wewe, si ungenielewa?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, maana mke wake alikuwa jikoni. "Usidhani nadharau. Yule mama anaomba kila asubuhi, na mimi nanyamaza mpaka amalize. Moyo wake ni wake. Lakini na mimi wangu ni wangu."

Hapo ndipo akaniomba. Akasema, kwetu hapa hakuna mtu anayezikwa bila kuokoka. Hata mwizi wa ng'ombe, siku ya mazishi utasikia alitubu ndani ya gari njiani kwenda hospitali. "Wakati nitakuwa nimeishiwa sauti, watakuja. Usikubali waniongezee maneno. Nimesema yangu maisha yangu yote, yanatosha." Nilimwahidi. Niliahidi haraka, kama unavyomwahidi mgonjwa maji.

Usiku huo sikusumbuka, nilisumbuka baadaye, Jumapili, nikiwa nimepiga magoti kanisani. Je, nimeahidi kumsaidia mtu apotee? Nilimpigia Dorka, ambaye alikuwa amestaafu tayari, nikitarajia Msabato kama yeye anikemee. Akasema, "Ameomba kitu kidogo. Wengine wanatuomba wapone." Akaniuliza kama Mwalimu anapata choo vizuri.

Hali ya Mwalimu ilishuka upesi. Nilimfundisha mkono akiwa bado na maneno, na kama mwalimu alifurahia kufanyiwa mtihani. Nyar Kosele naye nilimfundisha: muulize, subiri, akifinya mpe dawa ya ziada, na ile ya saa zake usiicheleweshe kwa ajili ya mtu yeyote. Alishika yote. Nimewahi kufundisha wauguzi waliokuwa wazito kuliko yule mama.

Siku yenyewe nilifika alasiri, na nikasikia nyimbo kabla sijaiona nyumba. Uani palijaa watu wa kanisa. Pasta wao, kijana mwenye bidii na moyo mzuri, alinikimbilia jasho likimtiririka. "Sista! Mwalimu ameokoka!"

"Amesema?"

"Hawezi kusema, si unajua. Nilimshika mkono nikamwambia, Mwalimu, kama unampokea Bwana, finya mkono wangu. Akafinya! Tena kwa nguvu! Nikauliza tena, akafinya tena! Mungu ni mwema, Sista."

Nilimpita. Ndani Nyar Kosele alikuwa anamtilia mumewe dawa shavuni kwa bomba. Paji la uso la Mwalimu lilikuwa limelowa na vidole vya miguu vimejikunja. Nikauliza dawa ya mchana ilitolewa saa ngapi. "Imechelewa kidogo," akasema bila kuniangalia. "Wageni walikuwa wengi." Nikaongeza dozi, nikamshika Mwalimu mkono, nikakaa mpaka vile vidole vya miguu vikanyooka. Nje walikuwa bado wanaimba. Alifariki kesho yake asubuhi, ametulia, mke wake ameketi kando yake.

Habari ilienea kisiwa kizima. Wazee walifurahi, wanafunzi wake wa zamani wakashangaa, na kanisa, ambalo lisingemzika kamwe, likatangaza litamzika kwa heshima zote na kwaya mbili. Pasta akaniomba nitoe ushuhuda. "Wewe ni mtu wa hospitali, neno lako watu wataliamini. Sema tu aliondoka kwa amani."

Asubuhi ya mazishi Nyar Kosele alinivuta nyuma ya jiko, mahali wanawake walikuwa wanachambua mchele, akanishika viwiko vyote viwili. Sikuwa nimemwambia lolote, lakini alijua ninalo.

"Nyar Kuria, nakuomba. Nimeishi kisiwa hiki maisha yangu yote ya ndoa nikiwa bibi ya mtu asiye na Mungu. Wanawake wananionea huruma mpaka ninachoka. Leo moja tu. Wacha leo moja tu niwe kama wengine."

"Mama, aliniomba..."

"Amekufa!" akasema. "Mimi ndiye nabaki hapa."

Nyinyi wadogo zangu, hapo mnafanya nini? Nilienda nikasimama kando ya ua. Nilijiambia, Mwalimu mwenyewe alisema hana ushahidi wa maisha mengine. Kwa imani yake yeye, anayestahili kuangaliwa ni aliye hai, na aliye hai ni huyu mama. Kwa hiyo ukimnyamazia utakuwa umefuata utu alioufundisha, sivyo? Karibu nikubali. Tena nilitaka kukubali, kwa sababu ilikuwa rahisi na kwa sababu nilimpenda.

Kilichonizuia ni mgonjwa mwingine. Nilikuwa na baba mmoja ng'ambo ya pili ya Mbita, naye sauti imekwisha, naye nimemfundisha mkono. Na mama mmoja Ndhiwa. Na wengine. Wale waombolezaji wote uani walikuwa wameshajifunza kitu kutoka kwa Pasta: ukitaka kujua kama mtu ameokoka, mshike mkono umuulize. Niliwaona wakielezana kwa vitendo, mmoja anamfinya mwenzake kiganja. Kesho na keshokutwa wataenda kwa wagonjwa wangu. Mtu atafinya akiomba dawa, na watu watapiga vigelegele.

Aliyeongoza shughuli akaniita. Nikashika maiki. Kwa kawaida maiki za mazishi hukoroma tu, mtu asisikie hata jina la marehemu. Ya siku hiyo, ole wangu, ilikuwa safi kabisa.

Nilisema mimi ni Boke, nimemhudumia Mwalimu, na nitasema yale aliyoniambia akiwa na sauti yake na akili zake. Nikasema aliamini maisha haya ndiyo tuliyopewa. Nikasema habari ya kisima, na habari ya jirani. Nikasema hakuwahi kumcheka mtu anayeomba, na anayetaka kuhakikisha ajiulize mwavuli wa Jumapili ulikuwa mkononi mwa nani. Watu wachache wakacheka kidogo, wengine wakafuta macho. Nikasema, "Hayo ndiyo aliyoniambia, na hakuniambia mengine." Nikataka kurudisha maiki.

Pasta akasogea. Hakuwa ananitega, nawaambia, alidhani nimesahau. "Asante Sista. Lakini wathibitishie watu wa Mungu. Mkono wangu, alifinya ama hakufinya?"

Nilimwona Nyar Kosele chini ya turubai, ameshika kiti cha mbele yake.

"Alifinya, Pasta. Wagonjwa wangu wote hufinya. Mimi ndiye huwafundisha sauti ikiwaishia. Ukimshika mkono akafinya, anakwambia anaumwa, anataka dawa."

 Mzee mmoja akasema "Eeh!" kama aliyekanyaga mwiba. Kisha mama mmoja wa kanisa akaanza kukunja bendera yao. Akina mama wenzake wa vitambaa vyeupe kichwani wakasimama mmoja mmoja, wakatoka kwa lango, na kwaya zote mbili zikawafuata. Pasta alibaki amesimama, anatazama kiganja chake. Nilidhani ataondoka pia. Akaweka Biblia juu ya kiti, akavua koti, akaenda kuchukua sepetu kwa mmoja wa wachimbaji. "Tutamzika kama jirani," akasema, siyo kwa maiki. Akamzika, yeye na wale wanafunzi wa zamani, kisha akaiombea familia, na katika maombi hayo Mwalimu mwenyewe hakumtaja. Mwalimu asingekataa hilo.

Nyar Kosele alipita mbele yangu kama sipo. Siku za kukaa matanga akina mama wake wa kanisa hawakuja, nilisikia. Alikaa na binti zake tu na yule mama wa omena. Nilipokuwa na wagonjwa Rusinga nilipita kwake kusalimia, na kila mara niliambiwa amelala, mchana kweupe. Niliumia sana. Ningeulizwa tena maiki mkononi ningesema vile vile, lakini niliumia, na msiniambie kwamba ukisema ukweli unalala vizuri. Mimi sikulala.

Miaka ikapita, nikafikia miezi yangu ya mwisho kazini. Tukapata mgonjwa mpya Kosele, kansa ya kizazi, familia imeomba sista wa nyumbani. Nilishuka sokoni, nikaelekezwa, nikabisha. Aliyefungua mlango alikuwa Nyar Kosele, nywele zimekuwa nyeupe. Mgonjwa alikuwa mdogo wake.

"Karibu, Sista," akasema. Siyo Nyar Kuria.

Tulifanya kazi bila maneno mengi. Dada yake alikuwa ameshaishiwa sauti, lakini nilipomshika mkono nilikuta mkono umefundishwa, na vizuri, kabla yangu. Sikuuliza na nani.

Tukiwa hapo wakaja watu wa kanisa la pale Kosele, pasta wao mbele, akina mama nyuma yake na ngoma, wimbo umeshaanza njiani. Nyar Kosele akasimama mlangoni akaujaza.

"Ngojeni kwanza."

"Mama, tumekuja kumwombea mgonjwa," akasema yule pasta.

"Najua. Karibuni sana. Lakini ngojeni."

Akarudi kitandani, akashika mkono wa mdogo wake. "Unaumwa?" Akasubiri. Nikaona vidole vimekaza. Akapima dawa kwa bomba, akaitia shavuni tone kwa tone, akafuta mdomo. Wimbo mlangoni ukafa wenyewe. Watu walikaa nje kwenye nyasi, wengine wakinung'unika, na hakuwapa ruhusa mpaka dawa ilipofanya kazi na akauliza tena na mkono ukalala umelegea. Ndipo akafungua mlango wazi. "Sasa imbeni. Imbeni mpaka asikie."

Waliimba vizuri sana. Yeye hakuimba. Alitoka nje akaja kusimama karibu nami, nilipokuwa nafunga mkoba juu ya pikipiki.

"Siku ile nilijua," akasema.

Nikakaza kamba ya mkoba.

"Pasta aliposema amefinya, nilijua mume wangu anaitisha dawa. Saa yake ilikuwa imepita. Na chupa ilikuwa hapa." Akagusa kiunoni, pale leso inapofungwa fundo. "Nikaimba. Wimbo ukaisha, wakaanzisha mwingine, nikaimba na huo."

Niliiachia kamba, nikamgeukia. 

"Ulinikasirisha kwa sababu hiyo," akasema. "Hukunisema mimi, lakini ulisema. Na mimi ningesimama nikajibu nini mbele ya watu wote wale? Kwamba nilimwacha mume wangu aumwe, ili tukutane mbinguni?"

Ndani walikuwa wamefika ubeti wa mwisho. Akafuta uso kwa ncha ya leso, akaifunga upya, akaingia kumuuliza mdogo wake kama anaumwa.